Mgomo wa machimboni kwetu: kabla ya barua, hesabuni chakula

Juzi kanipigia dada mmoja wa upande wa kaskazini, mumewe anafanya kazi kwenye shimo la kifusi, ananambia wanaume wao wamechoka wanataka kuweka zana chini, na yeye kasikia kuwa mie ndo nilikuwa nashika daftari la misaada wakati wa mgomo wa kwetu. Swali lake la mwanzo lilikuwa barua inaandikwaje. Nikamwambia dada yangu barua inaandikika, mtu wa chama atawaandikia, wewe nambie kwanza nyumba ngapi zinategemea hilo shimo na kila nyumba ina chakula cha siku ngapi ndani. Akanyamaza. Tuliongea mpaka salio likamwishia, na najua wako wengine watakaofika hapo hapo, kwa hivyo nimekaa nikaandika yote kwa mpango wa yalivyotokea.

Sie tuko Wilaya ya Kati, Unguja, upande wa maweni. Anaejua huku anajua, ardhi ni jiwe tupu, ukipiga jembe linakurudia, mtu anafyeka msitu anapanda kunde na mtama katikati ya mawe basi ndo kilimo chenyewe. Riziki yetu kubwa iko kwenye jiwe lenyewe, kuchoma chokaa, kuchimba mawe ya msingi, kuvunja kokoto. Na sasa Zanzibar inajengwa kila kona, hoteli, barabara, maghorofa, kokoto zinatoka kwetu mchana na usiku tipa zinapita mpaka vumbi limebadilisha rangi ya migomba. Kampuni yenyewe siitaji jina wala kijiji sikitaji, mana yapo mambo bado hayajesha na sitaki kumletea mtu tabu.

Malalamiko yalikuwa ya siku nyingi. Mshahara unakuja tarehe wanayotaka wao. Vibarua wa miaka, mtu kaanza kazi hajaoa sasa ana watoto skuli na bado ni kibarua hana hata karatasi. Makato ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, yanakatwa kwenye mshahara, lakini vijana wawili watatu walioenda kuomba taarifa za michango yao wakakuta miezi mingi iko mitupu. Alaf ikaja ile ya mtoto wa jirani yangu. Alikuwa karibu na mashine ya kusaga, kipande cha jiwe kikamrukia jichoni, miwani ya kazi hakuna, glavu hakuna, akapelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini, kwa gari ya kuomba na dawa walinunua wazee wake. Jicho lile halioni tena. Siku ile watu walitaka kuliendea geti na mitarimbo, wallahi nasema kweli.

Waliotuzuia ni wazee wawili na mwalimu mmoja anaefundisha historia skuli. Mwalimu alikuja barazani jioni akatueleza habari ya Marikana kule Afrika Kusini, wachimba madini ya platinamu waligoma wakitaka mshahara wa randi 12,500, na tarehe 16 Agosti 2012 polisi wakawapiga risasi wakafa watu 34 siku moja. Akasema wale waligoma kwa haki yao kama nyie, na walikaa pale kilimani na fimbo na mikuki, na waliokufa wameacha wake na watoto kama wenu. Hakusema zaidi. Watu waliondoka mmoja mmoja. Kuanzia siku hiyo ikawa ni sharti, hata mgomo ukianza, hakuna mtu kusogea karibu na geti na chuma mkononi, hata panga la kwenda kukatia kuni liachwe nyumbani.

Habari ya sheria ntaipitia haraka kwa sababu mie si mwanasheria, ila kuna jambo moja limetupotezea muda mwingi na sitaki liwapoteze nyie. Kijana wetu mmoja alishusha kwenye simu sheria ya kazi akaisoma yote akaja na vifungu, kumbe ile ni sheria ya Bara. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar tuna sheria zetu, Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini namba 1 ya mwaka 2005, na mgogoro unapelekwa kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro cha huku huku, si kule CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi, wanakokutaja watu wa Bara. Kwa hivyo ukipewa ushauri na jamaa yako wa Dar mshukuru, lakini nenda kamuulize mtu wa chama cha wafanyakazi wa hapa. Na sie afisa wa chama alitwambia wazi kabisa, mkiacha kazi leo kwa hasira kesho tajiri anawafukuza na anakuwa na sababu. Anzeni na malalamiko kwa maandishi, msuluhishi awasikilize, akishindwa ndo notisi, alaf ndo mgomo. Watu walilalamika kuwa anatuchelewesha. Mie nasema ule muda wa kusubiri ndo uliotuokoa, kwa sababu ndani ya ule muda tulijiandaa, na bila ya kujiandaa tungerudi kazini kabla ya Ijumaa ya pili.

Kikao cha kujiandaa tulikifanya wanawake, uwani kwa mama yangu mdogo. Yeye ndo alietoa lile swali, akasema nyie mnasikia wanaume wanapanga mgomo, haya, watu watakula nini? Pale pale tukaanza kuhesabu. Mwalimu tulimwalika, akatusimulia habari ya Uingereza, wachimba makaa ya mawe waligoma kuanzia Machi 1984 mpaka Machi 1985, mwaka mzima, serikali yao ilikuwa inataka kufunga mashimo. Akasema mfuko wa chama chao uliwekewa zuio na mahakama, pesa ziko lakini hazigusiki, na waliowafanya wafike mwaka ni wake zao na watu wa vijiji vyao, walifungua majiko kwenye kumbi wakapika kila siku, wakakusanya vyakula mpaka kutoka miji ya mbali. Na akatwambia ukweli pia kuwa pamoja na yote hayo walishindwa, walirudi kazini bila ya makubaliano yoyote. Nilipenda alivyotwambia na hilo. Mtu anaekwambia mgomo lazima ushinde anakudanganya, na ukishadanganywa utakuja kuvunjika moyo siku ya mwanzo mambo yakiwa magumu.

Bibi mmoja mkongwe akakumbusha ya kwetu, mgomo wa 1948, ulioanza kwa wachukuzi wa bandarini mwezi wa Agosti na Septemba ukaenea mji mzima, maisha yalikuwa yamepanda baada ya vita na ujira haupandi. Baba yake alikuwa mchukuzi. Anasema alipogoma alirudi shamba kwa jamaa zake, wakawa wanakula muhogo wa ndugu mpaka mambo yakaisha. Kwa hivyo hata hili la kusaidiana si geni, sie tulikuwa tunalifanya tu kwa daftari.

Na daftari lenyewe ndo hili nataka mlielewe vizuri. Tulipita nyumba kwa nyumba kabla ya mgomo, wanawake wawili wawili, tukauliza: watu wangapi wanakula hapa, yupo mgonjwa wa dawa za kila mwezi, yupo mjamzito, yupo mtoto mchanga, deni dukani kiasi gani, nani mwengine ndani ya nyumba anaingiza kipato. Kuna watu waliona ni uchimvi kuulizwa hivyo, wengine walitufungia mlango. Tulirudi kwa upole. Ukilisoma lile daftari unajua nyumba ipi inaweza kustahamili mwezi na nyumba ipi haifiki siku tatu. Tulikuta kwa mfano nyumba moja baba anagoma, mtoto mkubwa naye yuko shimo hilo hilo, na mkwe wao naye yuko hapo hapo, watu kumi na kitu na senti zote zinatoka kwenye geti moja. Nyengine baba anagoma lakini mke analima mwani na yumo kwenye mchezo, ule wa kuchanga pesa na kupokezana kwa zamu, hawa wanaweza kungoja. Huwezi kuwagawia sawa hawa wawili, na ukishaandika mapema hakuna wa kusema kapendelewa fulani.

Pesa za kuanzia zilitoka kwenye mchezo wetu. Tulikubaliana wale waliobaki kupokea zamu zao wasubiri, na hilo lilikuwa gumu kwa sababu mmoja alikuwa na harusi ya mwanawe na mwengine alikuwa akingojea mabati. Hawa wawili mpaka leo nawaheshimu kuliko mtu yeyote katika habari hii. Mie mwenyewe nilitoa pesa ya mwani niliyokuwa naiweka kwa ajili ya cherehani.

Siku ya kuacha kazi haikuwa na makubwa. Asubuhi mashine haikunguruma, ndo watu wa vijiji vya jirani walivyojua. Wanaume walikaa chini ya mwembe, mbali na geti kama tulivyokubaliana, kamati ikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, kumpa nakala ya notisi ili asije akaambiwa mambo na upande mmoja tu, na mlinzi wa getini ambae ni mtoto wa hapa hapa kijijini tulimpelekea chai kama kawaida yetu. Hilo la mlinzi wengine walilipinga. Mie nasema mlinzi na dereva hawakuandika mshahara wako, usiwafanye maadui.

Wiki ya mwanzo kila mtu ana moyo. Wavuvi wa Chwaka walituletea samaki, jamaa wa mjini wakatuma pesa, vijana wanaofanya kazi hotelini Paje wakachanga wakaleta magunia ya unga. Tukafikiri mambo mepesi. Na hapa kuna jambo lazima niwaambie, misaada inakuja mingi mwanzo alaf inakatika, na njaa inafanya kinyume chake, mwanzo haipo alaf inazidi. Kwa hivyo kile kinachokuja wiki ya mwanzo usikigawe chote hata watu wakikulaumu. Sie unga na mchele tuliuweka nusu, tukafunga kwenye chumba cha madrasa, funguo mbili kwa watu wawili tofauti, chumba hakifunguki mpaka wote wawepo. Samaki ndo walikuwa hawawekeki, hao tuligawa siku hiyo hiyo na wengine tukawakausha.

Tulianza na jiko la pamoja kama lile la Uingereza. Sufuria kubwa za harusini tulizikodi bure kwa bi mmoja anaekodisha vyombo, tunapika wali wa mapembe kwa sababu ndo mchele wa bei nafuu, mchuzi wa dagaa, nazi tunakuna chache tunazidisha maji. Watoto walikuja wengi. Lakini watu wazima hawakuja. Mzee wa watu ana wajukuu, kaoa kaoza, leo aje na bakuli asimame mbele ya watu apakuliwe wali? Wake zao nao wanaona haya. Zipo nyumba tulizozijua kwa daftari kuwa hazina kitu na hawakuja hata siku moja. Mama yangu mdogo akasema hawa hawakukataa chakula, wamekataa kuonekana. Tukabadilisha. Jiko tukaliacha kwa ajili ya watoto tu, mchana wakitoka skuli, hilo halina aibu kwa sababu watoto wote wanakula pamoja hata ambao baba zao si wa shimoni. Na nyumba za watu wazima tukawa tunapeleka chakula kikavu usiku baada ya isha, kwenye pakacha, mchele, unga, sukari kidogo, dagaa, sabuni kipande. Unagonga unasema "hodi, huu mzigo wenu", unaondoka. Hukai kuzungumza, husemi umetoka wapi kwengine.

Sabuni msiisahau. Na pedi za wasichana, na karatasi za daftari za skuli, na nauli ya anaekwenda kliniki. Watu wakisikia msaada wa mgomo wanafikiria mchele tu. Msichana mmoja alikuwa haendi skuli siku kadhaa kila mwezi na mama yake anasema mtoto anaumwa tumbo, mpaka nilipomuuliza faragha ndo nikajua.

Sasa nije kwenye lile ambalo limekaa rohoni mwangu zaidi kuliko yote.

Nje ya uzio wa shimo, pembeni ya njia, yako mabanda ya makuti ambako kinamama wanavunja kokoto kwa mkono. Wengi wajane na walioachwa. Wananunua yale mawe yanayobaki shimoni ambayo mashine haiyataki, wanayavunja, wanauza kwa ndoo kwa wanaojenga nyumba ndogo ndogo. Kama hujawahi kumuona, anakaa chini miguu kainyoosha, mbele yake jiwe bapa, kokoto anaizungushia pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi ili isiruke, mkono wa kushoto unashika pete na wa kulia unapiga nyundo, vidole kavifunga vipande vya tyubu ya baiskeli na bado kucha zimepondeka, mtandio kajifunga mdomoni kwa vumbi. Kutwa nzima kwa ndoo chache. Hawa si wafanyakazi wa kampuni. Hawamo kwenye chama, hawamo kwenye notisi, na kwa kuwa tulihesabu nyumba za wafanyakazi hawakuwamo hata kwenye daftari letu. Lakini shimo lilipofungwa mawe ya kununua hayakutoka, na wao wakasimama siku ile ile.

Bibi mmoja katika hao alikuja kwangu mwenyewe, akakaa barazani, hakupandisha sauti hata kidogo. Akasema, "Mwanangu, waume zenu wanagoma kwa ajili ya mshahara wao. Mie mshahara sijawahi kuwa nao, na nimegomeshwa."

Usiku ule ule tuliitisha kikao na wapo wanaume waliosema pesa hazitoshi, hawa si wenzetu wa kazi. Kulikuwa na maneno makali. Mwisho wanawake tulisema kama hawa hawaingii basi na sie tunarudisha funguo za chumba mchukue wenyewe. Wakaingizwa. Tukapita mabanda yote, tukaandika kila mmoja, na madai yakaongezwa moja, kuwa mawe yanayobaki yauzwe kwao kwa bei moja inayojulikana, asije msimamizi kila siku na bei yake.

Na sikilizeni kilichotokea baadae. Mgomo ulipofika wiki za katikati, wale wanaonunua kokoto kwa kampuni kazi zao zilikuwa zinasimama, zege halimwagiki. Zikaanza kuja tipa kwenye mabanda ya kinamama, wanataka kununua kila kokoto iliyopo, na bei walioitoa ilikuwa mara dufu ya ile ya siku zote. Kila mama alikuwa na chungu yake ya kokoto aliyoivunja kabla. Wangeuza pale tajiri angepumua, na waume zetu wangekaa chini ya mwembe bure. Yule bibi ndo wa mwanzo kumwambia dereva, "Hapa hapauzwi, baba, nenda salama." Wenzake wakamfuata, wote, hakuna alieuza hata ndoo. Pesa taslimu iko mbele yao, na watoto nyumbani wamekula uji. Nikiandika hapa mkono unanitetema. Wale tuliotaka kuwaacha nje ya daftari ndo walioushika mgomo.

Kamati iliamua kuwafidia kidogo kutoka kwenye mfuko, si kwa ile bei ya dereva, hatukuwa na uwezo huo, lakini kila mmoja alipata kitu. Kwa hivyo mkianza kuhesabu nyumba zenu msihesabu walioandikwa kwenye orodha ya mishahara tu. Tazameni nje ya geti. Mama ntilie anaewauzia chai asubuhi, mwenye gari ya ng'ombe anaebeba mawe ya reja reja, kijana anaeziba pancha za tipa, anaevunja kokoto. Hawa mgomo unawapiga bila ya kuulizwa, na ndo hao hao tajiri atawaendea kwa mlango wa nyuma.

Jambo jengine ni duka. Kijiji chetu kina duka moja kubwa na yule kaka mwenye duka alitukopesha wote. Wiki ya tatu nikamuona kabadilika, akaniita pembeni akanambia, "Dada, mie moyo ninao, ila na mie nadaiwa na tajiri wangu wa Mwanakwerekwe, nisipopeleka pesa hanipi mzigo, na nisipopata mzigo nyote mtakosa." Alikuwa na haki. Tulichofanya, kamati ilikaa nae, tukachukua kiasi kutoka kwenye mfuko tukalipa sehemu ya madeni ya kila nyumba kidogo kidogo ili apate kuzungusha, na kila nyumba ikawekewa kikomo cha kukopa, sigara na soda hakuna kwenye mkopo. Wanaume waliguna kwenye sigara. Lakini duka halikufungwa, na duka lingefungwa hata wenye pesa wangelazimika kwenda kuhemea mbali kwa nauli. Nendeni kwa mwenye duka kabla ya mgomo, mkae nae, msingoje akuiteni.

Pesa zinaleta maneno, hilo lijueni. Zilikuja kwa laini ya simu ya mtu mmoja mwanzo, na ingawa mtu mwenyewe mwaminifu, baada ya muda ukaanza uvumi kuwa kanunua simu mpya. Simu ile kaletewa na shemegi yake wa Oman, watu wote wa kwao wanajua, lakini uvumi hausikilizi. Yule kijana alilia mbele yangu. Tukaamua kila Ijumaa baada ya sala hesabu zinasomwa mbele ya msikiti kwa sauti, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, bila ya kutaja nyumba zilizopewa, na kwa wanawake nikawa nazisoma mie kwenye madrasa. Uvumi ukafa wiki ile ile. Na pesa zisikae sehemu moja, nyengine ziwe mchele, nyengine taslimu kwa watu wawili, nyengine kwenye simu.

Ndani ya majumba kulikuwa na tabu pia, nisifiche. Mwanamme aliezoea kutoka alfajiri sasa yuko nyumbani kutwa, anaona sufuria haina kitu, anaona mke ndo anatoka anashughulika na vikao, wengine hasira zikawaingia. Kuna talaka moja ilitokea, na mie naamini mgomo ndo ulioifikisha pale japo ilikuwa na chanzo chake. Tulimuomba imamu awazungumze wanaume peke yao, ikasaidia kiasi. Kilichosaidia zaidi ni kuwapa kazi. Kamati ikawapangia, hawa kuni za jiko la watoto, hawa kusafisha kisima, hawa kumuezekea bibi banda lake. Mtu akirudi nyumbani na jasho anakuwa na amani.

Na walikuwepo waliorudi kazini kabla ya wakati. Wachache, na wote tuliwajua hali zao, mmoja mama yake alikuwa anatakiwa kufanyiwa upasuaji. Vijana wakataka kuwasusia kabisa, kwenye barza wasikae, kwenye harusi wasialikwe. Alaf mmoja wao akafiwa na mtoto. Sheria yetu sie ni kuwa kwenye msiba hakuna ugomvi, lakini siku ile niliona watu wanasita njiani wanatazamana nani ataanza kwenda. Mama yangu mdogo akavaa buibui lake akatoka, hakumwita mtu. Tukamfuata. Waliogoma ndo waliochimba kaburi. Baada ya matanga yule bwana hakurudi tena shimoni mpaka mgomo ulipoisha, na hakuna aliemwambia asirudi. Kijiji kitabaki baada ya mgomo, watu watakuwa wanaoana na kuzikana hapo hapo, mkisusiana leo mtakuja kuishi vipi?

Mwisho wake ulikuja kwa msuluhishi, baada ya zaidi ya mwezi, wakati ambapo chumba cha madrasa kilikuwa kimebaki na magunia ya kuhesabika. Sijui kama tungefika wiki mbili nyengine. Makubaliano yaliandikwa na kusainiwa, na afisa wa chama alisisitiza kila kitu kiwe na tarehe, mana ahadi bila ya tarehe haidaiki. Tulichopata: michango ya ZSSF iliyopotea inalipwa kwa awamu, glavu na miwani na viatu vimekuja, mshahara una tarehe, vibarua wa muda mrefu wamepewa mikataba ya maandishi, na kinamama wa mabandani wana bei moja imeandikwa kwenye ubao getini. Tusichopata: nyongeza ya mshahara tuliyoitaka, tumepewa ndogo sana, na mtoto wa jirani yangu fidia yake ya jicho bado inazungushwa. Siku za mgomo hazikulipwa. Madeni ya duka yalikaa miezi, nyumba nyengine ziliuza mbuzi, mie cherehani sijanunua mpaka sasa.

Wanaume wanne hawakuitwa tena, wote walikuwa kwenye kamati, wakaambiwa nafasi zao zimepunguzwa. Shauri lao limepelekwa mbele na linaendelea, wao wanafanya kazi za kubahatisha, mmoja anaendesha bodaboda ya mtu. Majina yao bado yako kwenye daftari langu, na kila mwezi kabla mchezo haujatolewa kwa mwenye zamu, kwanza unatolewa mchele wa nyumba nne zile. Tumekubaliana itakuwa hivyo mpaka shauri lao liishe, kwa namna yoyote litakavyokwisha.